Kibali cha Watu Watatu

Fomu ya kibali ina mistari kumi na minne.
Tangu saa mbili usiku nimejaza mitatu:
jina la mto, siku ya kuingia, siku ya kutoka.
Mvua ya Hobart inagonga bati kama mdai,
na Tamsin ameifanya meza ya jikoni kuwa ghala:
mapipa ya plastiki, kamba, kofia ngumu,
dawa ya ruba, mifuko ya kubebea kinyesi chetu
(huko hakiachwi kitu, hata hicho),
na mzani wa unga, ambao leo unapima soksi.

“Kilo ishirini kila mtu,” anasema.
“Ukibisha, baba, nitakupima wewe.”

Dougal Pybus anacheka, anatafuta kikombe,
mkono unapita kando yake mara mbili.
Macho yake yanafifia kuanzia katikati.
Anayaona masikio yangu, pua haioni.
“Pembeni unaonekana vizuri,” huniambia,
“basi simama pembeni.”
Miaka arobaini ya urafiki, na sasa
nazungumza naye kama mwizi, kwa ubavu.

Ramani imechanika kwenye mikunjo,
imechanika hasa pale tulipopaita Birika,
mwaka ule wa themanini na nne,
tulipotoka mtoni na nusu ya mtumbwi wa mpira
na siku nne za msitu mbele yetu.

Msitu wa huko hauna adabu ya njia.
Miti hupanda, huchoka, hulala chali,
na ubavuni mwake huchipua mingine
inayopanda, inayochoka.
Unatembea juu ya matawi yenye kuvu
hujui ardhi iko chini kiasi gani.
Tulikula jibini iliyolowa. Tulinuniana.
Usiku tulisikia mto tuliouacha
ukiendelea bila sisi, wala haukuonyesha kujali.

Na maji yale! Chai ya rangi
iliyosahauliwa motoni.
Ukiyateka kwa kiganja
unaisoma mistari ya mkono wako
kwa rangi ya shaba.

“Nani atakaa mbele?” Tamsin anauliza.

Hakuna anayejibu. Jokofu linanguruma.
Mbele hukaa anayesoma maji,
na msomaji wetu siku zote alikuwa Dougal.
Mimi ni mtu wa nyuma, mtu wa kasia,
naambiwa kushoto, nakwenda kushoto.

Dougal anavuta ramani, haiinamii.
Kidole kinatembea peke yake.
“Hapa pana mwamba kama ng’ombe aliyelala.
Mpite mgongoni, si miguuni.
Hapa pwaa, mtapumzika.
Hapa sasa, tegeni sikio:
maji yakinyamaza ghafla kabla ya kona
msidhani yametulia. Yanaanguka.”

Tamsin alikuwa akiandika.
Kisha akaacha kuandika, akamtazama tu,
na baba yake, aliyemwona nywele bila uso,
akauliza, “Mbona kalamu imekoma?”

Mstari wa tisa: ulemavu au maradhi yoyote.
Nafasi yake ni urefu wa kidole gumba.
Nimelaza wino juu yake dakika nzima.
“Umefika wapi?”
“Wa tisa.”
“Andika ukweli. Halafu andika kwamba nasikia.”
Nikaandika kwa herufi ndogo, zikatosha,
ila neno la mwisho likapanda ukingoni
kama mtu anayetoka majini.

Mstari wa kumi: idadi ya wasafiri.
Watatu.

Pipa la Dougal limezidi gramu mia mbili.
Anapekua kwa vidole, anatoa miwani yake,
anaiweka kando ya sahani.
Mshale haukusogea.

Tamsin akatoa sukari.